Kibonzo na Hadhi ya Mtu



Ndugu waamini, twaulizwa vigangoni kama ni dhambi kumcheka mtawala kwa kibonzo. Tumtazame nabii Nathani. Hakumtukana Mfalme Daudi. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Kibonzo chema hufanya kazi hiyo: humwonyesha mkubwa tendo lake.

Mtanzania Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliifanya kwa miaka mingi katika magazeti ya Nairobi. Januari 2015, baada ya kibonzo chake kilichomkejeli Rais Kikwete, Serikali ilizuia gazeti la The EastAfrican kusambazwa nchini, ikitaja suala la usajili.

Lakini ipo kalamu nyingine. Gazeti la Kangura la Rwanda, lililoanza 1990, lilichora vibonzo vya kuwadhalilisha Watutsi kwa sababu ya kuzaliwa kwao. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze. Katika rufani ya 2007 alibaki na kifungo cha miaka 35. Sisi wa Kibondo na Kasulu, tuliowapokea wakimbizi wa Burundi 1972 na 1993, twajua chuki ya kabila huishia wapi.

Basi, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, kila picha tuiulize: yacheka tendo la mtu, au asili yake? Inayokosoa tendo la mwenye nguvu tuitetee, hata ikituchoma sisi mapadre. Inayodharau asili ya mtu tusiipitishe, kwa mkono wala kwa simu.