Nyumba za Lamu: Msamaha wa Kodi Unamfikia Nani?



Leo tuzungumze nyumba. Nyumba utakayoishi wewe ukioa ama ukiolewa, hapa hapa visiwani.

Serikali ikitaka nyumba zijengwe, humpunguzia mjenzi au mnunuzi kodi. Wengi twadhani hilo halituhusu. Latuhusu! Ukimsamehe mtu deni la shilingi mia, umempa shilingi mia. Na hapa anayesamehe anatumia mfuko wetu sote.

Hebu tuangalie nani hupewa. Kwa miaka kadhaa, kampuni inayojenga nyumba 100 au zaidi kwa mwaka iliwekewa kodi ya asilimia 15, wakati kampuni nyingine zalipa 30. Aliyekopa benki kununua nyumba ya kuishi, riba anayolipa hutolewa kwenye hesabu ya kodi yake, sasa hadi shilingi 360,000 kwa mwaka. Na tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwalimu na muuguzi wakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri aongeza kiasi hicho hicho.

Sasa njooni Lamu. Nani Amu, Siyu, Faza ama Kizingitini anajenga nyumba 100 kwa mwaka? Mvuvi hana karatasi ya mshahara ya kupeleka benki. Anayejiepusha na riba hachukui mkopo ule. Na familia ngapi zimekaa vizazi na vizazi juu ya ardhi isiyo na hati? Hakuna aliyeandika kwamba mtu wa Lamu asipewe. Lakini masharti ni kampuni, mkopo na hati, na wengi wetu hatuna hata kimoja.

Huku nako, mji wetu wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Ni fahari, alhamdulillahi. Lakini nyumba ya mawe huitengenezi utakavyo. Yataka chokaa, boriti na fundi anayejua kazi. Dunia yote yaifurahia, gharama yambebea mwenye nyumba peke yake. Akishindwa, auza. Nyumba yageuka ya wageni, familia yahamia pembeni mwa mji.

Wazee wetu walikuwa na mpango wao. Binti akiolewa, aliongezewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, ama wikio likavuka njia kuunganisha nyumba mbili. Hawakungoja mtu ajenge 100. Walijenga moja, kwa mtu wanayemjua.

Basi tudai nini? Katiba, kifungu cha 209, yaipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Anayetoza aweza kupunguza. Kwanza, apunguziwe anayekarabati nyumba ya kale na kuishi ndani, au kuipangisha kwa wenyeji. Pili, kiwango kiwe nyumba moja au mbili. Tatu, akiigeuza ya wageni, alipe alichosamehewa.

Mtu atasema kaunti haina pesa za kusamehe. Ni swali la haki. Jibu ni kwamba nyumba zinazofungwa sehemu kubwa ya mwaka zikingoja mwenyewe aje likizo zaweza kutozwa zaidi, pengo likazibwa.

Kila mwaka bunge la kaunti hupitisha sheria ya fedha, na kabla ya hapo ni lazima lisikize maoni ya umma. Vikao hivyo, vijana huwa hatuonekani. Mwaka huu twendeni. Msiende na kelele. Nendeni na karatasi: nyumba ipi, imeharibika nini, ukarabati wagharimu kiasi gani, nani ataishi ndani. Toeni nakala, mtakeni karani aigonge muhuri, nakala mrudi nayo nyumbani. Neno la mdomo husahauliwa, lakini karatasi yenye muhuri yadai jibu.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaikum.