Kabla ya Kisu: Mwendo wa Mgonjwa na Hali ya Anayemtibu



Mpasuaji anaishi kwa kisu. Akikwambia kwamba tiba bora aijuayo haihitaji kisu, msikilize.

Februari 2015, taasisi inayounganisha vyuo vya kitabibu vya Uingereza ilitoa ripoti iliyoyaita mazoezi tiba ya ajabu. Aliyeongoza uandishi wake ni Scarlett McNally, bingwa wa upasuaji wa mifupa mjini Eastbourne. Dozi ni dakika 30, mara 5 kwa wiki, za mwendo unaopandisha pumzi bila kukuzuia kuongea. Dozi hiyo hupunguza kwa asilimia 30 au zaidi hatari ya maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari cha ukubwani na baadhi ya saratani. Haidai ukumbi wa mazoezi: baiskeli inatosha, jembe linatosha, ngoma inatosha.

Sasa mtazame mgonjwa anayengoja kubadilishiwa nyonga. Akikaa tu, misuli hunywea, damu hutuama miguuni, mapafu hayatanuki vizuri. Siku ya upasuaji tunampokea akiwa dhaifu kuliko siku tuliyomwandikisha. Ndiyo maana McNally na wenzake wanataka orodha ya kusubiri igeuke orodha ya kujiandaa: mgonjwa atembee kadiri awezavyo, aache sigara, ale vizuri.

Lakini nani atamweleza haya? Ni muuguzi aliyekesha zamu nzima bila pa kuketi? Ni daktari mwanafunzi anayeogopa kukaripiwa akiuliza swali? Wahenga walisema mganga hajigangi. Basi na agangwe na mahali pake pa kazi.

Kwamba hali ya kazini humgusa mgonjwa, ushahidi tunao hapa nyumbani Tanzania. Hospitali katika miji 8 duniani, Ifakara ikiwa mojawapo, zilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile inakumbusha dawa za kuzuia maambukizi na hesabu ya vitambaa. Pia inamtaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Sisemi majina pekee ndiyo yaliyookoa watu. Nasema muuguzi anayejulikana kwa jina huthubutu kutamka, “Daktari, subiri, mguu wenyewe ni wa kulia.”

Maombi yangu kwa chuo hiki ni mawili. Mwanafunzi anayefundishwa kuandika dozi ya vidonge afundishwe pia kuandika dozi ya mwendo. Na wodi tunazomfundishia ziwe na maji ya kunywa, pa kupumzikia, na wakubwa wasiofoka.

Tukitoka hapa, lifti tuwaachie wazee na wagonjwa.