Mshubiri na Majeraha ya Ngozi



Chini ya Mlima Kasigau mshubiri humea katika nchi kavu pasipo kumwagiliwa maji, na tangu zamani jani lake huwekwa juu ya jeraha. Je, desturi hiyo ina maana? Inayo, lakini ina mipaka.

Jani hilo lina vitu viwili. Karibu na ganda yamo maji ya manjano, machungu, yawashayo ngozi. Hayo yaachwe yachuruzike. Ndani umo ute mwangavu, ambao huilinda ngozi isikauke. Ute wa mshubiri wa bustanini, ambao ndio uliopimwa zaidi na wataalamu, umeonekana kuharakisha kupona kwa walioungua kidogo.

Basi aliyeungua kidogo kwanza apoze mahali pale kwa maji safi muda wa dakika 20, ndipo apake ute. Lakini jeraha la kina, au lililoingia udongo, si kazi ya jani. Udongo huleta pepopunda, na kinga yake ni sindano, wala si mti. Majeruhi huyo na apelekwe zahanati, au hospitali ya Voi, siku ile ile.