HOTUBA YA MWENYEKITI: TOPE LILIPOINGIA KWENYE SANDUKU LETU



Kikundi chetu kimetimiza miaka 10. Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 14, chini ya mti, na sanduku la kuazima. Wengi wetu elimu yetu ni ya darasa la saba, na wengine hata hilo la saba hawakulifikia, kwa hiyo tukikosea maneno mtusamehe. Mafanikio yetu mtayasoma humu kitabuni, cherehani, mbuzi, mabati, ada za watoto, yote yameandikwa. Kamati ilitutaka tuzungumzie hayo. Sisi tumeomba tuzungumzie mwaka 2023, kwa sababu hapa katikati yetu wapo wanachama wapya 8 ambao hawajui kwa nini katiba yetu ina vifungu vinavyowashangaza, na maswali yao tumeyachelewesha mno.

Ndugu zetu, Hanang wote mnaijua. Mlima wetu una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na sisi wa Katesh tumelala miguuni pake. Ukiamka unauona, ukienda mnadani unauona. Maji tunayokunywa yanatoka huko. Hakuna mtu aliyewahi kuuogopa. Tulikuwa tukiogopa ukame.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kututangazia mapema kwamba mvua za vuli zitakuwa kubwa kwa sababu ya El Nino. Redioni tulisikia. Lakini tuseme ukweli, tuliposikia El Nino sisi tuliwaza mahindi na mbaazi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1997 na 1998 wanakumbuka barabara zilivyokatika nchi nzima. Basi tulidhani safari hii nayo itakuwa hivyo, barabara itakatika, bei ya sukari itapanda, yataisha.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, mvua imenyesha usiku, wengine tunawasha moto, wengine tunajiandaa kwenda kanisani. Ukasikika muungurumo. Mweka Hazina wetu anasema alidhani ni malori yamefuatana. Mumewe akasema hapana, hiyo ni ndege. Alipofungua mlango wa uani akaona miti inakuja imesimama. Miti imesimama inatembea! Akamshika mjukuu wake mkono mmoja, akakimbia kupanda juu upande wa jirani. Sanduku la kikundi lilikuwa chini ya kitanda. Akaliacha.

Siku ile waliokufa, kwa hesabu iliyotolewa na Serikali baadaye, walifika 89. Waliojeruhiwa walizidi 100. Gendabi, Jorodom, hapa Katesh mjini, tope lilipita na nyumba, ng'ombe, maduka. Mawe makubwa kama gari yalikaa katikati ya barabara. Wanajeshi wetu walikuja na mitambo, wakachimba, Mungu awabariki. Mheshimiwa Rais alikatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi kule Dubai akaja kutuona. Waliokosa makazi walilala mashuleni.

Wenzetu wawili hatunao. Majina yao yako ukurasa wa kwanza wa kitabu hiki, hatutayataja hapa maana watoto wao wamekaa pale mbele na leo ni siku ya sherehe.

Siku za kwanza watu walisema volkano imelipuka. Si ajabu kusema hivyo, mlima wetu ni wa volkano ya zamani, tangu shuleni tunajua. Wataalamu wakaja, wakasema si volkano. Walitueleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujibeba, ikameguka, ikaangukia kwenye korongo la maji. Pale ikachanganyika na maji ya mvua, ikazoa miti na mawe njiani, ikashuka na njia ya mto. Ndiyo maana mtu aliyejenga mbali na mlima, lakini karibu na korongo, alifikiwa. Na mtu aliyejenga karibu zaidi na mlima, lakini kwenye kigongo, alisalimika. Hili tunaomba wanachama wapya walisikie vizuri. Usiulize mlima uko umbali gani. Uliza korongo liko wapi.

Na haya si ya Hanang peke yake. Mwaka 2009, mwezi wa Novemba, wenzetu wa Same kule Mamba Miamba waliporomokewa na ardhi usiku. Malawi, Machi 2023, kimbunga Freddy kiliporomosha milima pale Blantyre. Jirani zetu wa Kenya, Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, tuta likaachia watu wakiwa wamelala. Katika baadhi ya matukio kama haya maji yanazuiliwa mahali na takataka au udongo, halafu yanaachia kwa pamoja. Kwa hiyo mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha juu, usishangilie kwamba umepata njia ya kuvuka. Amka, toa watoto. Ufa mpya kwenye shamba la mteremko, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyokuwa safi ikatoa tope, hayo yote ni ya kukimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji, hata kama atakucheka.

Sasa turudi kwenye sanduku.

Mweka Hazina wetu hakuonekana kwa wiki tatu. Tulidhani ni msiba, nyumba yake imekwenda, yuko kwa dada yake. Kumbe alikuwa anaona aibu. Tulikwenda sita kumtafuta. Alitupokea analia, akasema, "Mama Mwenyekiti, nimeacha fedha za watu." Mjukuu amemkalia mapajani! Bibi mmoja mwanachama wetu ndiye aliyemjibu, akamwambia sanduku linachomelewa na fundi kwa elfu thelathini, huyu mtoto anachomelewa wapi? Tukacheka wote, mara ya kwanza tangu siku ile.

Sanduku lenyewe vijana walikuwa wamelikuta siku ya tano wakichimba, hatua kama 200 chini ya pale ilipokuwa nyumba. Limebonyea lakini halikufunguka. Mnajua sanduku letu lina kufuli tatu na wenye funguo watatu. Funguo mbili zilikuwepo. Kufuli la tatu tulilivunja kwa nyundo, maana mwenye ufunguo wake tulikuwa tumeshamzika.

Ndani mlikuwa na shilingi 412,000. Noti tulizisuuza moja moja kwenye beseni, tukazianika juu ya khanga. Kati ya hizo mfuko wa jamii ulikuwa 183,000 tu. Nyumba za wanachama 5 zimekwenda, wawili wamekufa, na mfuko wa dharura una laki moja na themanini! Hapa lazima tukiri. Mwaka 2021 Katibu alipendekeza mchango wa jamii upande kutoka 500 hadi 2,000 kwa kikao. Sisi tulimpinga, tukasema anatufilisi. Kumbukumbu za kikao kile zingekuwepo mngesoma aibu yetu.

Lakini hazikuwepo. Daftari kubwa na vitabu vyote vya hisa vilikuwa humo humo sandukuni, vimekuwa uji. Fedha nyingi za kikundi hazikai sandukuni, ziko mikononi mwa watu, ni mikopo. Nani anadaiwa nini? Hakuna maandishi.

Kilichotuokoa ni ile desturi ambayo vijana huwa mnaiona ya kitoto. Kila mwisho wa kikao Katibu hutamka jumla, na sisi wote tunaitikia kwa sauti mara mbili. Kwa hiyo kila mtu alijua mikopo iliyoko nje ni shilingi 7,840,000. Jumla tulikuwa nayo kichwani. Mgawanyo ndio hatukuwa nao.

Tukakutana Jumamosi tarehe 6 Januari 2024. Tulikuwa 27 kabla ya tope. Wawili wamefariki, mmoja yuko hospitali, mmoja amekwenda kwao Singida na huyo hakuwa na mkopo. Tukakaa 23. Tukakubaliana kila mtu asimame ataje deni lake mwenyewe. Hakuna wa kumbishia. Wengine walikuwa wamevaa nguo za msaada. Akina mama walisimama. Mmoja hana nyumba, hana jiko, amesimama akasema, "Nadaiwa laki saba." Angeweza kusema laki moja, nani angejua?

Tulipojumlisha ikawa 7,060,000. Marehemu mmoja wadhamini wake walithibitisha laki sita. Wa hospitalini alituma neno, laki moja. Ikabaki pungufu ya 80,000. Elfu themanini kati ya milioni saba na laki nane! Tuliandika "haijulikani" tukaendelea. Mwezi wa Aprili mwanachama mmoja alikuja usiku nyumbani, akasema alitaja laki mbili na deni lake lilikuwa laki mbili na elfu themanini. Alisema alisahau. Sisi tulisema sawa, umesahau. Amelipa yote. Jina lake hatukumwambia hata Katibu, na mtu asituulize leo baada ya soda mbili.

Jambo gumu lilikuwa laki sita za marehemu. Katiba ilisema mwanachama akifa, hisa zake zilipe deni, na kinachobaki walipe wadhamini. Hisa zake zilikuwa 340,000. Zikichukuliwa, deni linabaki 260,000 kwa wadhamini watatu, na mmoja wao hana hata paa. Na watoto watatu wa marehemu hawapati kitu, mkubwa wao yuko kidato cha pili. Wengine wakasema katiba ni katiba, tukianza kusamehe, kesho kila mtu atakuja na msiba wake. Wengine wakasema mtakwendaje kuwaambia watoto wale kwamba mama yao ametudhulumu? Mjadala ulianza saa nne ukaisha saa kumi na moja. Maneno mazito yalisemwa, mengine hayajapona mpaka leo.

Tulipiga kura. 14 walitaka deni lifutwe na watoto wapewe hisa zote. 9 walikataa. Sisi tunaozungumza hapa, Mwenyekiti wenu, tulikuwa katika wale 9. Tuliogopa kikundi kitakufa. Kikundi hakikufa, lakini msidhani ilikuwa bure. Mgao wa 2024 kila mmoja wetu alipungukiwa, na wanachama wawili walichukua chao wakaondoka. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja ni shoga yetu wa siku nyingi, bado tunasalimiana sokoni.

Kutoka hapo ndipo vilipotoka vifungu mnavyouliza. Mchango wa jamii ni 2,000, bila mjadala. Daftari linapigwa picha kwa simu kila kikao, na nakala ya mkono inakaa kwa Katibu, nyumba tofauti na sanduku. Kitabu cha hisa unakaa nacho mwenyewe. Sanduku haliwekwi kwenye nyumba iliyo karibu na korongo. Aliyefariki kwa janga, deni lake linabebwa na mfuko, si na yatima. Hata sisi tuliokataa siku ile tulinyosha mkono kifungu hicho kilipoandikwa.

Kimebaki kifungu cha mwisho, hicho ndicho chenye kelele. Hatutoi mkopo wa kujenga kando ya korongo. Serikali iliwajengea waliopoteza makazi nyumba zaidi ya 100 kule Waret, tunashukuru. Lakini si kila mtu alipata, na vijana wanaoanza maisha hawana pa kwenda. Viwanja vya kule chini vimeshuka bei, majani yameota juu ya tope, pamekuwa pazuri, mahindi yanastawi ajabu. Mwezi uliopita mwanachama wetu, binti mdogo mwenye mtoto mgongoni, aliomba milioni moja anunue pale. Tulimnyima. Akatuuliza mbele ya kikao, "Nyie mama zangu mna viwanja juu. Mimi mnanitaka nijenge wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tumempa Katibu kazi ya kutafuta kama kikundi kinaweza kununua nusu eka kule juu na kuikata vipande kwa wanachama wanaopanga, walipe polepole. Bei tuliyotajiwa ni kubwa kuliko uwezo wetu wa sasa. Ndugu Mgeni Rasmi, barua ya maombi tumeiweka kwenye bahasha ya khaki iliyo mbele yako, tafadhali usiondoke nayo bila kuisoma. Binti mwenyewe amekaa mstari wa tatu, amevaa gauni la njano.

Pilau liko tayari, lakini kabla ya kula Katibu atasimama atamke jumla ya mfuko, na wanachama wote, wapya kwa wa zamani, tutaitikia kwa sauti mara mbili kama kawaida yetu. Katibu, karibu.