Nani Anaamua? Vitabu vya Kusoma Kuhusu Maendeleo

Mhadhara wa umma uliotolewa Myamba, Wilaya ya Same

 

Nimeombwa nitaje vitabu ambavyo mtu akivisoma ataelewa kwa nini nchi fulani zimetajirika na nyingine bado zinahangaika. Vitabu hivyo ni vingi, na baadhi ya waandishi wake wamepata Tuzo ya Nobeli. Nitavitaja, ila nitavipanga kwa kufuata mambo matatu ambayo kila mtu hapa anayajua kuliko mimi: maji, kodi na tangawizi. Ninafanya hivyo kwa sababu nimesoma na kufundisha fani hii kwa miaka mingi, na nimefikia imani moja. Kitabu cha maendeleo kinachofaa ni kile kinachomsaidia msomaji kujua nani anaamua: nani anagawa maji, nani anapima kodi, nani anataja bei. Kitabu kisichogusa swali hilo kinaweza kuwa na takwimu nzuri, lakini kinamwacha mkulima pale pale kilipomkuta.

Kabla ya hayo matatu, tuanze na historia ya Upare

Mwaka 1960 mwanauchumi wa Marekani, Walt Rostow, alichapisha The Stages of Economic Growth. Alidai kwamba kila nchi hupanda hatua tano, kuanzia jamii ya kimila hadi jamii yenye matumizi makubwa ya bidhaa. Wapangaji mipango wa dunia nzima walikipokea kitabu hicho, na hata leo mtu akisema kijiji fulani "bado kiko nyuma", anazungumza lugha ya Rostow ingawa pengine hajawahi kumsoma.

Anayetaka kujikinga na mawazo hayo amsome Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanahistoria aliyeiandika Upare kwa kukaa na wazee na kusikiliza masimulizi yao. Katika A Political History of the Pare of Tanzania, kilichotoka mwaka 1969, tunawakuta Washana wa Ugweno, mafundi wa chuma ambao kazi ya mikono yao ilinunuliwa hadi Uchagani. Katika Penetration and Protest in Tanzania, cha mwaka 1991, anaeleza jinsi uchumi wa dunia ulivyoingia milimani humu tangu miaka ya 1860: misafara ya pembe za ndovu na watumwa katika bonde la Pangani, kodi ya Wajerumani, mashamba ya mkonge yenye njaa ya vibarua, reli ya kutoka Tanga iliyopita Same, kisha kahawa.

Ukimaliza kumsoma Kimambo huwezi tena kusema kwamba Upare inangoja kuingia katika uchumi wa dunia. Imo humo kwa zaidi ya karne moja na nusu. La kuuliza ni iliingia kwa masharti ya nani. Ndiyo maana namweka wa kwanza, mbele ya wote wenye Nobeli.

Maji

Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyosomwa sana akisema kwamba mali ya wote lazima iharibike, kwa kuwa kila mtu atachota awezavyo. Suluhisho, kwa maoni yake, ni mali hiyo imilikiwe na mtu binafsi au isimamiwe na serikali.

Sasa tuitazame ndiva. Maji ya kijito yanayotiririka usiku watu wakiwa wamelala hukusanywa katika bwawa lililojengwa kwa mawe na udongo, siku hizi mara nyingi kwa saruji. Asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanashika mfereji, na kila shamba linapata kwa zamu. Mfereji ukijaa matope, watu wanaitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Asiyefika anatozwa faini, na akizidi kukaidi, zamu yake inapita. Kijito chembamba ambacho mchana kisingefika shamba la tatu sasa kinafika la mwisho, kwa sababu watu walikubaliana kuuweka usiku wote akiba.

Aliyeeleza kwa nini utaratibu wa namna hii unadumu ni Elinor Ostrom, katika Governing the Commons cha mwaka 1990. Alichunguza mifereji ya Valencia nchini Hispania, vyama vya umwagiliaji vya Ufilipino, na malisho ya kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi, akatoa kanuni nane. Mipaka ijulikane. Sheria zilingane na hali ya mahali. Wanaozifuata washiriki kuzitunga. Wasimamizi wawajibike kwa watumiaji. Adhabu ianze ndogo na kupanda. Migogoro iamuliwe karibu na kwa gharama ndogo. Serikali itambue haki ya watu kujipangia. Na pale mfumo unapokuwa mkubwa, usimamizi upangwe kwa ngazi. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi. Mzee aliyewahi kusimamia ndiva akisomewa kanuni hizo atazitambua moja baada ya nyingine.

Lakini msimsome kwa kupiga makofi tu. Maji ya milima hii yanateremka hadi Ndungu, ambako wenzetu wanalima mpunga kwa maji ya mto Yongoma. Mvua ikipungua na sisi wa juu tukipanua mashamba ya tangawizi, wa chini anapungukiwa, na hana kiti katika mkutano wa ndiva yetu. Kwa sheria ya mwaka 2009 maji yote ni ya umma na kuyatumia kwa umwagiliaji kunahitaji kibali cha bodi ya bonde, kwetu ikiwa ni Bonde la Pangani. Ostrom alikuwa na nguvu zaidi alipoandika juu ya kijiji kimoja kuliko juu ya bonde zima. Namna ya kumkalisha mkulima wa Myamba na wa Ndungu meza moja bado ni kazi yetu.

Kodi

Vitabu vya uchumi vinafundisha kwamba kodi ya haki ni ile inayopanda kadiri mali inavyopanda. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya namna hiyo Upare na kuiita mbiru, jina la ushuru wa zamani. Kwenye karatasi ilipendeza. Wapare wakaikataa.

Hawakukataa kulipa. Walichokataa ni namna ya kupimwa: wakubwa wachache wahesabu mbuzi wako, migomba yako na mibuni yako, kisha wakukadirie kwa siri, bila wewe kujua jirani amekadiriwa vipi na kwa nini. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakaweka kambi. Mwaka uliofuata kina mama wa Usangi nao wakatoka, wakamkabili mkuu wa wilaya wakitaka shauri limalizwe, maana waume hawapo na kazi zote zimewaelemea. Mwishowe mbiru ikaondolewa. Kimambo alikiandikia kisa hiki kitabu kidogo chenye jina hilohilo, Mbiru, mwaka 1971. Ningependa kila mwalimu wa historia katika wilaya hii awe nacho.

Kisa hiki ukisome pamoja na vitabu vitatu. Cha kwanza ni Why Nations Fail cha Daron Acemoglu na James Robinson, cha mwaka 2012. Wanasema nchi hutajirika pale taasisi zake zinaposhirikisha wengi, na hubaki maskini pale wachache wanapozigeuza kuwa njia ya kunyonya. Wawili hao pamoja na Simon Johnson walipata Nobeli mwaka 2024. Hoja yao ina uzito, ila wanatazama sana ngazi ya dola. Kina mama wa Usangi hawaonekani kwa urahisi katika kurasa zao.

Cha pili ni Seeing Like a State cha James Scott, cha mwaka 1998, chenye sura nzima juu ya vijiji vya ujamaa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 zaidi ya Watanzania milioni tano walihamishiwa vijijini. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwafikie wote. Scott anaonyesha kilichopotea mpangaji aliyekaa mbali alipochora mistari bila kuuliza anayejua udongo wa mahali.

Cha tatu ni Poverty and Famines cha Amartya Sen, cha mwaka 1981. Sen alionyesha kwamba katika njaa ya Bengal ya mwaka 1943 mamilioni walikufa ingawa chakula hakikuwa kimepungua kwa kiwango cha kueleza vifo hivyo. Vibarua na wavuvi walikosa uwezo wa kukipata kwa sababu bei ziliruka na kipato chao hakikuruka. Hata wilayani kwetu, huko tambarare ukame unapouma, ng'ombe aliyekonda anauzwa kwa bei ya kutupa wakati debe la mahindi linapanda. Mahindi yapo sokoni, na mfugaji analala njaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1999, Development as Freedom, Sen anafika mbali zaidi: maendeleo ni kupanuka kwa uhuru wa mtu kuishi maisha anayoyathamini. Wazee wa mbiru wangemwelewa.

Tangawizi

Tangawizi mbichi ina maji mengi. Kilo tano hivi za mbichi hutoa kilo moja ya kavu. Ikishachimbwa inaanza kunyauka na kuoza, na mkulima asiye na ghala wala kikaushio hana muda wa kubishana bei. Mnunuzi analijua hilo. Anakuja na gunia lake, analijaza kupita mdomo, analiongezea kofia ya wavu, na bei inatajwa kwa gunia. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini inaendelea pale mzani usipokuwepo, kwa sababu asiye na mzani hajui ametoa kilo ngapi bure.

Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Dar es Salaam, alichapisha How Europe Underdeveloped Africa mwaka 1972. Aliandika kwamba Afrika ilipangwa itoe mali ghafi na wengine wavune thamani yake. Msomeni kwa makini, kwa sababu ukweli huo haujapitwa. Kisha mmsome Issa Shivji, Class Struggles in Tanzania, cha mwaka 1976, kwa kuwa lumbesa haishonwi London. Kuna mikono ya humu humu inayonufaika.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liko kwa Kiswahili fasaha na halihitaji mfasiri. Linataja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha halikuzipa kiti cha kwanza. Someni pia Binadamu na Maendeleo cha Mwalimu Nyerere. Halafu mjiulize kuhusu kiwanda cha tangawizi cha Mamba Miamba, kilichozaliwa na ushirika wa wakulima: mkulima anajua bei ilivyopangwa? Mashine ikiharibika, nani anaambiwa, na nani anaidhinisha ukarabati?

Abhijit Banerjee na Esther Duflo, katika Poor Economics cha mwaka 2011, wanafaa kwa maswali madogo yenye majibu makubwa. Utafiti uliofanywa Busia, Kenya, ulionyesha kwamba wakulima wengi zaidi walinunua mbolea walipopewa nafasi ya kuilipia wakati wa mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, kisha wakaletewa nyumbani. Mkulima hakukosa akili. Fedha na mbolea vilikuwa vinapishana njiani. Hata hivyo waandishi hawa hawaulizi sana nani alipanga bei ya mazao.

Na kuna Ester Boserup, Woman's Role in Economic Development, cha mwaka 1970, aliyewaonyesha wachumi kwamba kilimo cha Afrika kimebebwa kwa sehemu kubwa na wanawake huku mafunzo na fedha vikielekezwa kwa wanaume. Anayepalilia tangawizi tunamjua. Je, siku ya kuhesabu noti naye yupo?

Kwa anayechoshwa na wachumi, kuna waandishi wetu wa riwaya: Euphrase Kezilahabi katika Gamba la Nyoka, Gabriel Ruhumbika katika Miradi Bubu ya Wazalendo, na Seithy Chachage katika Makuadi wa Soko Huria. Pale ambapo takwimu hazifiki, wao wamefika.

Namna ya kusoma

Vingi kati ya vitabu hivi viko kwa Kiingereza, na bei yake ni kubwa. Hilo ni deni la vyuo vikuu, na mimi najihesabu mdaiwa. Lakini nchi hii imewahi kusoma kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu vya Kiswahili. Wakimaliza somo la choo, walikwenda kuchimba choo. Kikundi cha watu kumi na msomaji mmoja mwenye sauti kinatosha kuanza upya. Simulizi ya Kimambo ya mbiru na kanuni nane za Ostrom ndizo nitakazozitafsiri kwanza, na zitakabidhiwa shule za kata hii bila malipo.

Nanyi nawaomba jambo moja. Kila kikundi kiwe na madaftari mawili. La kwanza liandikwe sheria za ndiva kama zilivyo sasa: zamu, faini, na nani alizikubali. La pili liandikwe mauzo ya tangawizi: tarehe, kilo kwa mzani, bei, na mnunuzi alikotoka. Baada ya misimu michache mtakuwa na ushahidi ambao hauko katika maktaba yoyote duniani. Utawafaa mbele ya bodi ya maji na mbele ya mnunuzi, na chuo kikuu kitalazimika kuja Myamba kuusoma.