Mikono Miwili ya Musa

(Mazungumzo ya redio. Somo: Hesabu 27)

  Mwenye Biblia karibu na afungue Hesabu sura ya 27. Asiye nayo asikilize tu, nitamsimulia.

Miezi michache iliyopita walinijia wasichana sita. Wengine ni wa kanisa letu, wengine ni watoto wa jirani zetu Waislamu. Wakaniamkia, kisha mkubwa wao akasema, "Mchungaji, tunaomba kiwanja cha kanisa Jumamosi jioni, tucheze mpira." Nikajibu palepale, "Jumamosi ni ya vijana." Kwa neno vijana nilikuwa na maana ya wavulana, nao walielewa. Wakashukuru kwa adabu, wakaenda zao. Nikarudi mezani kuandaa mahubiri, na somo la juma lile lilikuwa sura hii hii ya 27.

Sura hii yaanza na mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alifia jangwani, hakuacha mtoto wa kiume, na nchi ilikuwa karibu kugawanywa kwa majina ya wanaume. Mabinti wale wakaja mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa na kuhani Eleazari na wakuu na mkutano wote, wakadai fungu lao. Tazama alivyofanya Musa. Hakuwajibu. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akamwambia kwamba mabinti hao wamesema haki. Basi Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, hakutoa jibu mpaka ameuliza. Mimi nilijibu nimesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

Huenda mzee mmoja hapo ulipo anasema, mpira si mchezo wa wanawake. Sikulaumu, ni neno la zamani. Kule Uingereza, walikotoka wamishonari walioleta Kitabu chetu cha Sala, tarehe 26 Desemba 1920 watu 53,000 hivi walijaa uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool kutazama wanawake wakicheza mpira, na fedha za kiingilio zilikwenda kusaidia wenye shida. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, wakubwa wa chama cha mpira wakawafungia wanawake viwanja vyote vya vilabu vyao, wakisema mchezo huo hauwafai. Amri ile ilikaa mpaka mwaka 1971. Nusu karne, wapenzi. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na minane ilipotolewa alikuwa bibi kizee ilipoondolewa.

Lakini hebu tuvuke bahari, si mbali, mpaka Unguja. Mwaka 1988 ilianzishwa huko timu ya wanawake iitwayo Women Fighters, katika mji ambao walio wengi ni Waislamu, na watu hawakukosa la kusema juu ya wanawake waliovaa jezi. Mmoja wa wachezaji wa timu ile ni Nasra Juma Mohamed. Mwaka 2007 ilitoka filamu juu yao, iitwayo Zanzibar Soccer Queens, na wakati huo Nasra alikuwa ndiye kocha wao. Mwaka 2016 alikuwa kocha wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, iliyokutana na Zimbabwe ikatolewa. Naam, ilitolewa. Sikuileta habari hii kwa sababu ya vikombe.

Nimeileta kwa sababu ya lile linalotokea katikati, mchezaji anapoacha kucheza. Ni jambo gumu kuliko tunavyodhani sisi tulio nje ya chaki. Jana ulikuwa ukiitwa kwa jina na uwanja mzima, leo unakaa benchini na filimbi shingoni, ukimfundisha binti wa watu mbinu ile ile iliyokupatia sifa. Akifunga bao, ataitwa yeye. Na wewe unajua kabisa kwamba mguu wake unaweza lile ambalo wako hauwezi tena.

Tuirudie sura yetu. Mara tu baada ya habari ya wale mabinti, Bwana anamwambia Musa apande mlimani aione nchi, kisha atakufa pasipo kuingia. Tusidhani hakuumia, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 3 twasoma kwamba aliomba avuke, akakataliwa. Lakini hapa anaomba jambo moja tu, apatikane mtu wa kuwaongoza watu wasibaki kama kondoo wasio na mchungaji. Bwana akamwambia amtwae Yoshua, amwekee mkono. Sasa soma polepole. Katika mstari wa 18 ni mkono, mmoja. Katika mstari wa 23 Musa aliweka mikono. Aliagizwa mmoja, akatoa yote miwili. Nilipokuwa chuo cha theolojia niliupita mstari huu mara nyingi bila kuuona.

Hapa kwetu pwani, huko Kilifi, tangu mwaka 2001 liko shirika la Moving the Goalposts, ambalo wasichana wake hucheza, na baadaye wengine wao huwa marefa na makocha wa wadogo zao. Na mwaka 2024 timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17 ilikwenda Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya mpira ya Kenya, ya wanaume ama ya wanawake, kufika Kombe la Dunia. Ikaifunga Meksiko 2 kwa 1. Kocha wao alikuwa mwanamke, Mildred Cheche.

Baada ya mahubiri yale nilifanya nilichopaswa kufanya kwanza. Nikalipeleka neno la wale wasichana kwenye baraza la parokia. Tulizungumza sana, mzee mmoja alitoka nje kwa hasira (alirudi), na mwisho kiwanja kikatolewa, Jumamosi saa kumi. Nikaenda mwenyewe kuwatafuta wale sita, nikawaomba radhi. Sasa ni kumi na tisa, na hakuna wa kuwafundisha. Mimi nimejaribu, wakacheka.

Lakini yuko dada mmoja katika usharika wetu aliyecheza zamani huko Changamwe, mpaka goti lilipomshinda. Nilipomwomba alisema, "Mchungaji, mimi nimekwisha." Sitamtaja. Najua anasikiliza kipindi hiki saa hizi, akiwa jikoni. Dada, hatukuombi ukimbie. Kiti tutakuwekea chini ya mwembe, na filimbi nimekwisha inunua. Jumamosi, saa kumi.

Tuombe.