Gari yetu baada ya kubadilishwa motere: tulitafuta wapi, tukapata wapi

(Mazungumzo tuliyotoa mbele ya wanachama kwenye mkutano wetu, Baraka)

 

Komite ilituomba sisi tunaofanya kazi ya tereni tueleze habari ya gari, kwa sababu siku hizi maneno kule sokoni yamekuwa mengi kuliko mazuti kwenye tangi. Tutaeleza yote, hata pale tulipokosea.

Munakumbuka vile motere ya Land Cruiser yetu ilikufa. Ni gari ya mazuti, motere yake ni 1HZ, ya silinda sita, ile ambayo mafundi wa barabara ya Uvira wanaijua vizuri. Tulipata msaada, tukanunua motere ingine ya aina ile ile, iliyokwisha kutumika, na fundi akaifunga. Siku ya kwanza iliwaka, tukapiga makofi. Kesho yake asubuhi, demarere (kule Tanzania tulizoea kuiita starta) inazunguka kichovu, motere haiwaki. Siku ingine inawaka, inatetemeka kama mtu wa malaria, halafu inazima.

Usiku mmoja mama mjamzito alitakiwa kufikishwa hospitali, na gari ikakataa. Akapelekwa kwa pikipiki, kwenye ile barabara munayoijua. Tunashukuru Mungu, alifika na mtoto yuko muzima. Lakini toka siku ile maneno yakaanza: motere ni mbovu, komite imekula pesa, shofere anauza mazuti na kutia maji. Shofere tukamusimamisha kazi. Na barua ya kuomba wafadhili motere ingine ilikuwa tayari mezani, imebaki kutiwa sahihi tu.

Ni muzee mumoja wetu, aliyefanya ufundi wa magari miaka mingi kule kambini, aliyetuzuia. Alituuliza swali moja: "Siku ya kubadilisha motere, ni vitu gani vilifunguliwa?" Hakuna aliyejua. Akasema: "Basi tuanzie hapo. Motere mutailaumu mwisho."

Na iko hivi kweli. Ukitoa motere kwenye gari unafungua nyaya, mabomba ya mazuti, bomba za maji, mikono inayoshika motere. Ukirudisha, kimoja kikisahauliwa, motere nzima inaonekana mbovu. Sisi tuliorudi tunalijua jambo hilo: kuvuka ziwa ni safari fupi, kufunga tena vile vyote vilivyofunguka wakati wa kukimbia ndiko kazi.

Muzee alitutaka tuende hatua kwa hatua, toka cha bei ndogo mpaka cha bei kubwa, na kila hatua tuiandike kwenye daftari.

Hatua ya kwanza: demarere inazunguka vizuri ao vibaya? Yetu ilizunguka kichovu. Tuliazima batri ingine nzima, hali ikawa ile ile. Tukasoma namba kwenye demarere na kwenye buji za kupasha moto, kwa sababu 1HZ ziko za volti 12 na ziko za volti 24, na ukichanganya, buji zitaungua ao hazitapata moto. Zetu zote zilikuwa za 12, sawa na gari. Buji tukazijaribu moja moja kwa waya na taa ndogo: taa ikiwaka, ndani buji haijakatika. Zote sita zilikuwa nzima.

Halafu muzee akachukua kabo nene, akaunga upande wa kutoa wa batri moja kwa moja na chuma cha motere. Demarere ikazunguka kwa nguvu! Kumbe waya wa masi, ule unaounga motere na shasi, haukurudishwa. Umeme ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kupitia nyaya ndogo ndogo, na nyaya zile zilikuwa zinapata moto. Hilo peke yake lingeweza kuunguza gari.

Hatua ya pili: demarere inazunguka vizuri, lakini motere haiwaki. Hapo angalia moshi kwenye egzozi. Moshi mweupe ukitoka, mazuti inafika lakini haishiki moto: rudi kwenye buji, ao angalia mpango wa pompe. Moshi usipotoka kabisa, mazuti haifiki. Yetu haikutoa moshi. Tukafungua kontakti na kusikiliza kwenye pompe: kuna kifaa cha umeme kinachofungulia mazuti njia, kinapiga "tik". Kilipiga. Basi ilibaki hewa.

Juu ya filtre kuna pompe ndogo ya mukono. Tukapampu mpaka ikawa ngumu, motere ikawaka na kutulia kabisa. Tukafurahi mapema. Asubuhi, mambo yale yale. Maana yake hewa inaingia usiku, na mazuti inarudi kwenye tangi.

Tukanunua kipande cha mupira unaoonyesha ndani, tukaufunga kati ya filtre na pompe kubwa. Motere ilipowaka, tukaona kwa macho yetu mapovu yakipita. Tukafuata bomba kurudi nyuma mpaka chini ya gari. Pale mupira wa zamani ulikuwa umefungwa kwa kamba ya shambreeri, kwa sababu kola yake ilipotea siku ya kubadilisha motere. Hapakudondoka hata tone moja, ndiyo maana hakuna aliyepashuku. Sehemu ile pompe inavuta, haisukumi. Kwa hiyo palipo na tundu mazuti haitoki nje, ni hewa inayoingia ndani.

Kama ingeendelea kutetemeka, kulikuwa na hatua zingine: kulegeza kidogo nati za mabomba ya enjektere, moja moja, ili kusikia silinda gani haifanyi kazi, kuangalia alama za mukanda wa distribusyo, kwani jino moja tu likiruka motere inawaka kwa shida na kukosa nguvu, na kukaza mikono inayoshika motere. Kazi ya enjektere muachie fundi: mazuti ya pale ina nguvu ya kutoboa ngozi ya mutu. Mwisho kabisa ndipo unapima nguvu ya silinda na kusema motere ni mbovu. Sisi tulianza na ule mwisho.

Waya wa masi, mupira mupya na kola nne: jumla dola 23. Risiti ziko kwa mutunza hazina, kila mutu anaweza kuziona. Ile barua tuliichana. Gari sasa inawaka asubuhi kwa mara moja.

Kwa shofere tunasema wazi, mbele ya wote: hukuiba, hukutia maji. Tulikusimamisha bila kupima chochote. Utuwie radhi. Amerudi kazini, na siku alizokosa atalipwa.

Komite imekubali mambo matatu. Moja, kabla ya kufungua kitu kikubwa kwenye gari, kila waya na kila bomba vipigwe picha kwa simu na vitiwe alama. Mbili, daftari ya gari ibaki ndani ya gari, na kila shida iandikwe: saa ngapi, motere baridi ao moto, moshi wa rangi gani. Tatu, fundi atapewa sehemu ya mwisho ya malipo baada ya gari kuwaka ikiwa baridi, asubuhi tatu mfululizo. Siku ya kwanza tulipiga makofi na kulipa yote papo hapo. Haraka haraka haina baraka, na sisi watu wa Baraka tulipashwa kulijua hilo mbele ya wengine.

Kwa wafadhili: motere muliyotununulia ni nzima. Kosa lilikuwa kwa namna tulivyoipokea. Mama yule na mtoto wake wako hapa leo, wamekaa kule nyuma. Safari ijayo mama wa namna hiyo asipande pikipiki.